Kalamu Nzito Kuliko Jembe

Sisi tuliolelewa kwa tungo na methali tumezoea kuzitetea methali zetu kama mtu awateteavyo watu wa nyumbani kwake. Lakini zipo mbili ambazo siku hizi nikizisikia hunichoma. Ya kwanza ni ile isemayo samaki mkunje angali mbichi, na ya pili ni nduguye, udongo uwahi ungali maji. Wazazi wakiambiana kuhusu malezi ya watoto, methali hizi ni dawa. Lakini mwambie mtu wa miaka hamsini na mitano, aliyekwisha kuoa, kuzaa na kuzika, ambaye jana jioni ameazimia kwenda kujifunza kusoma, utakuwa umempiga rungu la utosi. Umemwambia kuwa yeye ni samaki aliyekauka, na ukimkunja atavunjika.

Mimi nimewaona samaki waliokauka wakikunjika wasivunjike. Nimewaona Rabai.

Ni miaka kadha sasa ambapo, kando ya kazi yangu ya kalamu, huitwa kuwafunza walimu wa madarasa ya watu wazima namna ya kuifundisha lugha ya Kiswahili kwa watu ambao nyumbani husema lugha nyingine iliyo jirani yake. Na kwa kuwa mkufunzi asiyeingia darasani ni sawa na nahodha asiyepanda chombo, kila niendapo hushika chaki mwenyewe nikafundisha. Madarasa haya watu wetu huyaita ngumbaru. Neno hilo, ndugu msomaji, ukilisikia likitamkwa na kijana sokoni utatambua kwamba ndani yake mna kicheko. Na kicheko hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo.

Rabai hakuko mbali. Kutoka Mombasa hufuata barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kisha hupinda mkono wa kulia kama mtu aendaye Kaloleni. Gari hupanda kilima, minazi ikakupokea pande zote mbili. Hii ndiyo nchi ya Warabai, ndugu mmoja katika wale tisa wa Mijikenda, na misitu yao ya kaya imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Ni nchi ya wagema pia. Mimi kwa malezi yangu ya chuoni tembo hulipitia mbali, lakini mgema sitamdharau. Mtu apandaye mnazi alfajiri na jioni, mvua isinye au inyeshe, kotama kiunoni, hawezi kuitwa mwoga.

Basi katika darasa hilo alikuwamo mgema mmoja, mtu wa makamo, mwenye mabega kama ya mpiga makasia. Siku ya kwanza nilipomwita ubaoni aandike herufi moja tu, nayo ni herufi ya kwanza ya jina lake, alisimama akaganda. Jasho lilimtoka. Nikamwambia akae, hapana haraka. Baada ya somo alinijia akaniambia maneno ambayo nimewasomea walimu wengi tangu siku hiyo: "Mwalimu, mnazi nikiuogopa nashuka, hapana aniulizaye. Ubao huu nikiuogopa, wote wameniona."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mtoto asiyejua hana la kuficha, kwani kutojua ndiyo kazi yake, na kwa ajili hiyo amepelekwa shule. Mimi nilianza kusoma nikiwa na umri wa miaka sita, kwa herufi za Kiarabu, juu ya ubao wa mbao na wino wa masizi. Nilichapwa, nikalia, nikaimba irabu pamoja na wenzangu mpaka koo likakauka. Lakini hapana aliyenicheka, kwa sababu sote tulikuwa wadogo na sote hatukujua. Mtu mzima hali yake ni nyingine. Yeye ana jina mtaani. Huamua kesi za ndugu zake, hutoa mahari, huombwa ushauri. Heshima hiyo ameijenga miaka thelathini, na siku aingiapo darasani huiweka mlangoni kama viatu, bila ya kujua kama akitoka ataikuta.

Na madawati nayo hayamsaidii. Darasa lenyewe ni la shule ya watoto, huazimwa saa kumi alasiri watoto wakishafunguliwa. Dawati limepimwa kwa mtoto wa miaka minane. Mama mwenye wajukuu akiketi, magoti humpanda hadi kifuani. Ukutani kumebandikwa picha za kuku na chungwa. Na madirishani, ndugu msomaji, madirishani kuna watoto waliokataa kwenda nyumbani, wamekuja kumtazama nyanya yao akitamka ba, be, bi, bo, bu.

Alikuwako bibi mmoja ambaye darasa zima lilimwita Hawe, ndivyo Warabai wamwitavyo nyanya. Jioni moja alisimama kusoma neno, akalikosea, na mjukuu wake dirishani akaangua kicheko. Darasa lilinyamaza kimya. Mimi mwenyewe nilishika chaki nisijue niseme nini. Hawe aligeuka taratibu, akamtazama yule mtoto, akamwambia: "Cheka, mjukuu wangu. Ukimaliza kucheka ingia ndani unichongee penseli." Mtoto akaingia, akachonga. Tangu siku hiyo akawa ndiye mchonga penseli wa darasa, na kicheko cha madirishani kikapungua chenyewe, maana kila aliyecheka alitafutiwa kazi.

Penseli zilihitaji kuchongwa kila wakati kwa kuwa zilivunjika kila wakati. Jambo hili halimo katika vitabu vya ualimu nilivyovisoma mimi. Mkono uliozoea mpini wa jembe na panga hujua kushika kwa nguvu, haujui kushika kwa wepesi. Mama mmoja, mkulima wa mahindi na mihogo, aliandika mistari minne ya herufi a, kisha akaweka penseli chini na kuusugua mkono hadi begani. Akasema kalamu ni nzito kuliko jembe. Wenziwe walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha kumkubalia, maana kila mmoja alikuwa akijisugua wake. Nikawafunza walimu wale jambo nililolitoa chuoni kwetu: kabla ya karatasi, mchanga. Watoke nje waandike mchangani kwa kidole. Mchanga haukatiki ncha, wala kosa lake halidumu, ukipitisha kiganja limekwisha.

Tena kuna masikio. Mrabai husema madzi, Mswahili husema maji. Nilipoandika m-a-j-i ubaoni na kuwaita wasome, walitamka madzi kwa sauti moja, na kwa furaha kubwa. Mwalimu mmoja kijana alitaka kuwakemea. Nikamzuia. Watu hawa walikuwa wameitambua maana kabla ya kuimaliza herufi, na hiyo ndiyo kazi ya msomaji. Tuliliandika neno lao kando ya letu, madzi na maji, tukawaonyesha mahali zinapopishana herufi. Siku hiyo walijifunza maneno mawili kwa bei ya moja, na tena waliona kwamba lugha ya mama zao nayo huandikika.

Huandikika, nasema, na iliandikwa kitambo. Hapa yanipasa nisimame kidogo, kwani mahali penyewe ni Rabai, na Rabai si pageni na habari za kusoma. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mmishonari wa chama cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na umri wa miaka 34. Mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki hapo Mombasa. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walipanda Rabai na kuanza makazi yao. Mwaka 1848 kijitabu cha kufundishia herufi katika lugha ya watu hawa kilichapishwa huko Bombay. Wakati huo wageni waliiita lugha hiyo Kinika, yaani lugha ya watu wa nyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Kwa hiyo kitabu cha alifu kwa kijiti cha Rabai kina umri wa zaidi ya miaka 170, na bado kuna Mrabai atiaye dole.

Lakini kinachonivutia mimi katika habari hiyo si padri aliyekuja kufundisha. Ni padri aliyekuja kujifunza. Krapf na Rebmann walikuwa wanafunzi wa ngumbaru, wa kwanza tuwezao kuwataja kwa majina katika vilima vile. Walikuwa watu wazima wenye ndevu, wamekaa mbele ya wenyeji wakiuliza hiki chaitwaje na kile chaitwaje, wakitamka vibaya, wakichekwa bila shaka, maana Mrabai hamuachi mtu anayekosea lugha yake apite hivihivi. Alipokuwa Mombasa, Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Kiislamu. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja nyuma. Naye Rebmann alikaa hapo hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Miongoni mwa kazi alizoziacha ni kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, na maneno yake aliyapata kwa mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini. Mtumwa alikuwa mwalimu, padri akawa mwanafunzi. Na mtu wa kwanza kubatizwa kwa kazi yote ile hakuwa mtoto wa shule. Alikuwa mtu mzima mlemavu aitwaye Mringe, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa mahututi.

Nilipowasimulia darasani, mgema wangu aliuliza swali moja tu: "Na huyo mzungu, alipokosea, alichekwa?" Nikamwambia kwa vyovyote alichekwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyelipwa deni.

Watu huniuliza, hawa wazee wanatafuta nini kwenye vitabu, kazi za afisini hawataajiriwa. Swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajapata kuona siku moja ya asiyejua kusoma. Chukua simu ya mkono. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha za mama wa shamba zimo mfukoni mwake, lakini namba ya siri anayo mjukuu, kwa sababu ndiye amsomeaye ujumbe. Siri ya watu wawili hiyo si siri, na mama anajua, lakini atafanyaje? Chukua zahanati. Karatasi ya dawa imeandikwa, chupa imeandikwa, na mgonjwa hukariri njiani, mbili asubuhi, mbili jioni, akiomba asikutane na mtu wa kumsalimu akasahau.

Chukua kura. Hawe aliniambia kwamba amepiga kura miaka mingi na hajapata kupiga kura peke yake. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 kila Mkenya alipewa karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Picha zipo, ni kweli, na alama za vyama zipo, lakini mtu asiyezoea karatasi akipewa sita kwa pamoja huchanganyikiwa. Sheria yamruhusu aje na mtu amwaminiye amsaidie, na asipokuwa naye, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Wasaidizi hao huenda ni watu wema. Lakini Hawe hataki wema wao. Alisema: "Nataka niingie kwenye kile kijisanduku, nitie alama yangu, na nikitoka asijue mtu, hata mume wangu." Sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo juu ya kura ya siri, na nimewasikiliza mawakili wengi.

Na chukua ardhi. Pwani yetu hii, neno ardhi likitajwa watu hunyamaza kwanza ndipo waseme. Mashamba mangapi yamebadilika mikono kwa dole moja la wino, sitayahesabu. Nitasimulia la mtu mmoja.

Alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye mvi. Juma la kwanza la darasa alipita nje ya dirisha mara tatu akimtafuta mbuzi wake. Mbuzi huyo hakupata kuonekana na mtu mwingine yeyote. Juma la pili mzee aliketi kizingitini, akisema anamngojea mkewe, naye mkewe alikuwa mwanafunzi wa safu ya mbele. Juma la tatu mtu mmoja alimsogelea akampa nafasi ya dawati, wala hapakusemwa neno. Hivyo ndivyo wanaume wengi huingia, kwa mlango wa uongo mdogo, na mwalimu mwenye akili huusadiki uongo huo kwa moyo wote. Wanawake huja waziwazi. Katika madarasa niliyoyaona mimi, wanawake ndio wengi, na kisa chake si kwamba wanaume wanajua zaidi. Ni kwamba mwanamume ana mengi ya kuyaweka mlangoni.

Mzee huyo alikuwa na karatasi. Alinionyesha siku moja baada ya wenziwe kuondoka. Imepigwa taipu kwa Kiswahili, imekunjwa mara nne, imefungwa kwa nailoni, na chini yake kuna dole lake la wino. Aliitia dole zaidi ya miaka thelathini nyuma, katika afisi moja ambayo sitaitaja, mbele ya watu waliomwambia ni mambo ya mpaka wa shamba tu. Shamba bado analima. Lakini watu husema haya na yale, na kila mtu akija na kamba ya kupimia ardhi kijijini, mzee hupatwa na homa. Niliinyosha mkono ili nimsomee. Akaikunja karatasi upesi akairudisha kifuani. Akasema: "La, mwalimu. Nilisomewa siku ile. Mara hii nataka niisome mwenyewe." Hata mwanawe, ambaye ana kidato cha nne, hajamruhusu kuiona.

Msomaji, huo ni moyo wa namna gani? Mtu anaweza kujua leo hii, kwa dakika mbili, kama nyumba yake ni yake. Yeye amechagua kungoja mwaka mzima.

Nchini mwetu jambo hili lilikwisha kutambuliwa zamani. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliwekwa kwa sheria mwaka 1966, na mwaka 1979 idara yake iliundwa na kampeni ya taifa ikaanza. Hata hivyo uchunguzi wa serikali wa mwaka 2006 uliona kwamba watu wazima 38.5 kwa mia hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa kusoma na kuandika. Jirani zetu Tanzania walilikamata jambo kwa mikono miwili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 thuluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma, na kufikia 1975 hesabu ikageuka, waliojua wakawa kama 61 kwa mia. Watu husifu mipango yao, vitabu vyao, vipindi vyao vya redio, na kweli vilistahiki sifa. Lakini kwa mtazamo wangu siri ilikuwa moja zaidi. Kijiji kizima kilikwenda siku moja, mwenyekiti na mlinzi, mke na mume. Kifo cha wengi harusi, na aibu ya wengi haitishi. Huku kwetu aingiaye darasani huingia peke yake, nyuma ya mbuzi wa kubuni.

Ndiyo maana Mzee Kimani Maruge aliwashangaza watu. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya karo ya shule za msingi kuondolewa, mzee huyo aliyesema umri wake ni miaka 84 alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduywo, Eldoret. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kusema kwenye Umoja wa Mataifa, na alifariki Agosti 2009. Baadaye kule Ndalat, Bonde la Ufa, bibi mkunga Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo, aliketi darasa moja na vitukuu vyake akiwa na miaka zaidi ya tisini, akasoma hadi alipofariki Novemba 2021. Dunia iliwapiga picha hawa wawili, na walistahili. Lakini picha zina hila yake. Humfanya mtu mmoja kuwa ajabu, ilhali Hawe na wenziwe hawataki kuwa ajabu. Wanataka dirisha lifungwe.

Neno moja juu ya hesabu hizi za wasiojua kusoma, maana lanihusu. Katika darasa lile alikuwamo mvuvi mstaafu, Mwislamu, aliyekuja kukaa kwa binti yake. Alijiandikisha kuwa hajui kusoma. Nilipompa chaki aandike jina lake, aliliandika papo hapo, kwa mwandiko mzuri, kuanzia kulia. Ni herufi za Kiarabu, alizozipata chuoni utotoni kama nilivyozipata mimi. Nikaligeukia darasa nikawaambia, huyu ni msomaji, ana mlango mmoja, amekuja kufungua wa pili. Walimpigia makofi, naye akainama kama bwana harusi. Mwana Kupona alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye mwaka 1858, kwa herufi hizohizo, na lau karani wa sensa wa siku zetu angebisha hodi kwake na fomu ya herufi za Kizungu, huenda angemtia katika safu ya wajinga. Ila nitakiri kwamba mvuvi wangu alipata taabu kuliko wote. Kila alipochoka, mkono ulirudi kulia wenyewe.

Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache na baadhi yake ni vya watoto, Juma ana mpira, Asha ana paka. Mtu mwenye kesi ya shamba hataki habari za paka. Walimu waliniomba niwatungie kitu kifupi cha kusoma kwa sauti. Nilitunga ubeti huu nikiwa ndani ya matatu, nao waliusoma kwa majuma mawili, silabi kwa silabi, mpaka wakauimba:

Jembe nimelizowea, kalamu nayo yagoma,
Mwanangu ukinijia, usicheke ukasema,
Mvi zimenienea, ndipo naanza kusoma,
Leo jina naandika, wino wa dole nahama.

Mkulima wa mihogo alinilaumu kwamba nimemwibia maneno yake. Nikamwambia washairi wote ni wezi, asante yake ni kwamba sasa anaweza kuusoma ushahidi.

Mwezi wa nne walianza kupungua. Watu sita waliacha kuja, na mwalimu wao alihuzunika akidhani ubeti umewachosha. Tulikwenda nyumbani kwao mmojammoja. Wote walisema neno lilelile, akili imezeeka, herufi zinacheza. Nikamwambia mmoja aishike karatasi mbali, mkono ukiwa umenyoka. Herufi zikatulia. Akili yake haikuwa na ila yoyote. Mtu akipita miaka arubaini jicho huanza kuchoka kwa vitu vya karibu, na mkulima hatambui, kwani mnazi na mbuzi huwaona vizuri tu. Kati ya wale sita, watano walihitaji miwani, ile ya bei rahisi iuzwayo kandokando ya barabara. Ningekuwa na uwezo wa kuamuru, kila kitabu cha ngumbaru kingetolewa pamoja na miwani.

Tulipata mitatu kwa kuanzia. Ikawa inazunguka darasani kama kibuyu cha maji katika shamba la ushirika, mmoja asoma mstari, apokeza mwenziwe. Mzee mwenye karatasi alikuwa wa mwisho kukubali kuivaa, akisema itamfanya aonekane karani. Alipoivaa alikaa nayo muda mrefu kuliko zamu yake, wala hapana aliyemdai.

Juma lililofuata alibaki nyuma tena. Aliifungua nailoni, akaikunjua karatasi juu ya dawati, akaweka kidole. Alianzia chini, kwenye majina ya mashahidi, kwa sababu majina ndiyo aliyoyazoea. Nilisogea dirishani nikampa mgongo, nikamsikia akitamka silabi moja, akiirudia, akiunga na ya pili. Jina la kwanza alilimaliza. Akanyamaza. Kisha akalitamka tena lote kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu anayemjua.

"Huyu alikuwa ni ndugu yangu," akasema. "Hakuniambia kuwa alikuwapo."

Akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka, akaniuliza kama darasa la Jumatano litakuwa saa ileile.